Mjukuu Wangu Alizika Chakula Shambani

Kama una msichana nyumbani anayevaa sweta mbili mwezi wa Februari, wakati jua linakausha hata matope ya barabara ya kiwandani, mwangalie vizuri. Mimi sikumwangalia wangu. Nilidhani ni mtindo wa watoto wa siku hizi. Daktari anajua jina la ugonjwa huu na maneno yake ya kitabuni. Mimi nitasema nilichokiona, ili nyanya mwingine asipoteze mwaka mzima kama mimi.

Mjukuu wangu anaitwa Chelangat. Ni mtoto wa binti yangu Rosa, ambaye anafanya kazi za nyumba Uarabuni. Nimemlea tangu darasa la nne, na wakati mambo haya yanaanza alikuwa kidato cha kwanza. Ananiita Kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya.

Mimi nilizaliwa Chebunyo, kule chini ambako mvua huja ikitaka. Mama yangu, Taprandich, alikufa mwaka wa njaa nikiwa na miaka kumi. Alikuwa anaketi nasi kwenye bakuli, anachovya mkono, anaupeleka mdomoni, anatafuna, anameza. Siku alipokufa ndipo shangazi alituambia kwamba mkono ule ulikuwa mtupu. Baadaye nikapanda huku juu kwenye majani chai, nikachuma majani ya watu miaka mingi mpaka nikanunua shamba langu mwenyewe. Nina nyumba ya mawe na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na hakuna mwanamume aliyenisaidia kuvipata. Niliapa kwamba katika boma langu hakuna mtoto atakayeonekana mbavu. Mtoto mnene ndiye aliyekuwa cheti changu.

Sasa niseme kosa langu. Ilikuwa Aprili, majani yamejaa, lori la kiwanda limechelewa. Tulikuwa tumejazana kwenye kituo cha kuuzia majani, magunia yamepangwa, karani ameegemea mizani yake ya kuning'inia. Chelangat alikuwa amefunga shule na amekuja kunisaidia kubeba. Alikuwa msichana wa kujaa, mashavu yanang'aa. Nikaona fahari.

"Karani," nikasema, "hebu nipimie huyu, tuone kama karo ninayolipa inaonekana."

"Kogo, wacha," Chelangat akasema.

"Niwache nini? Shika hiyo ndoano."

Akashika ndoano, akakunja miguu. Karani akasoma kilo kwa sauti ileile anayosomea magunia. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na utatoa za maji?" maana siku za mvua karani hupunguza kilo za maji kwenye kila gunia. Kicheko kikapasuka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mtu mmoja alikuwa ameinua simu, na mimi nikasimama vizuri ili nionekane kwenye picha.

Agosti mwaka huohuo binamu yake aliolewa, na Chelangat akawa mmoja wa wasichana wa kumsindikiza. Nguo zilikatwa kufuata picha moja kwenye simu ya bibi harusi. Kamati ikasema wazi kwamba nguo haitaongezwa kitambaa, kila msichana ajitahidi imtoshe. Nikaona mtoto anaanza kubakisha ugali. Kisha nikaona pakiti ndogo kwenye begi lake, ina picha ya mwanamke aliyebonyea tumbo. Ilikuwa majani chai ya kukausha mwili, yanauzwa mjini kwenye duka la nguo. Mimi ninayechuma majani tangu utotoni sikuwahi kusikia chai ya kumpunguza mtu. Nikaitupa kwenye choo na nikadhani nimemaliza maneno.

Siku ya harusi kila mtu alimwambia amependeza. Mke wa mchungaji alimshika kiuno kwa mikono miwili akamzungusha mbele ya wageni. Mwalimu wake akasema amekuwa nadhifu. Kwa miezi mingi watu walimsifu mgonjwa, na mgonjwa akazidi kuugua. Mimi peke yangu nilimwambia anafanana na fimbo ya kuchungia. Nilidhani hiyo ndiyo dawa.

Desemba alipokuja nyumbani, nilimshika mkono kumpa baraka nikauachia haraka. Ulikuwa baridi kama chuma cha geti asubuhi. Kwenye mikono na shingoni alikuwa ameota manyoya laini, meupe kidogo, kama ya kifaranga. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba na husikii mguu. Unageuka, yuko nyuma yako, anatazama sufuria.

Februari shule ilimrudisha kwa sababu alianguka kwenye gwaride la asubuhi. Zahanati wakasema ni upungufu wa damu, wakatupa vidonge vyekundu. Akawa anakaa juani na sweta mbili na shuka, anatetemeka.

Mwezi wa Machi nikagundua kwamba mbwa wetu ananenepa. Nikamfuata. Aliingia katikati ya michai akaanza kuchimba chini ya mche. Akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kulikuwa na ugali wangu wa Jumapili, bado una alama ya mwiko. Juu ya shimo kulikuwa kumewekwa jiwe dogo, limelazwa kwa adabu. Nikatazama mche unaofuata. Jiwe. Unaofuata. Jiwe. Mawe yalifuata mstari mpaka kwenye mikaratusi kule mwisho wa shamba. Nimezika watu wengi maishani mwangu na kaburi nikiliona nalijua. Nilirudi nyumbani bila kukimbia, kwa sababu niliogopa nikikimbia kitu kitanifuata.

Siku hiyo wakati wa chakula cha mchana nilisimama nje ya mlango wa jikoni nikamchungulia. Alichovya mkono kwenye sahani, akaupeleka mdomoni, akatafuna, akameza. Mkono ulikuwa mtupu. Mshipa wa shingo ulicheza vile ulivyokuwa ukicheza wa mama yangu. Na uso, Mungu anisamehe, ulikuwa ni uso wa mama. Mifupa ya mashavu ile, macho yaleyale yaliyoingia ndani.

Jina likanitoka mdomoni. "Taprandich."

Naye akageuka.

Lazima nieleze. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee humwitia majina ya waliokufa mpaka apige chafya. Jina atakalopigia chafya ndilo la aliyerudi ndani yake. Chelangat alipiga chafya kwa jina la mama yangu. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kugeuka. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemwita jina hilo tangu akiwa mchanga.

Nikampigia simu wifi yangu Tabutany, anayeishi kule Chebunyo. Hakuchukua hata dakika kufikiri.

"Mama yako alikufa na njaa," akasema. "Amerudi kula. Huyo mtoto anampa chakula chake chini ya ardhi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Tumwite tena. Apate jina la mtu aliyekufa akiwa ameshiba."

Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee huweza kumwitia jina upya. Kwa msichana mkubwa wa sekondari, sijawahi kusikia. Mimi ni mtu wa kanisa, naketi kiti cha mbele. Lakini nilikubali, na nitawaambia ukweli: nilikubali kwa furaha. Kama ni mama, basi si mimi.

Tulifanya Jumamosi mchana, madirisha yamefungwa, wanawake wanne na kopo la ugoro. Tabutany alimwekea Chelangat ugoro puani akaanza kuita. Aliita majina ya bibi zetu wa Sigor, wa Soin, mpaka wale ambao mimi mwenyewe sikuwajua. Machozi yalimshuka mtoto kwa ukali wa ugoro, kidevu kikatetemeka, lakini hakupiga chafya. Ugoro ule ungempigisha chafya hata fahali. Majina yakaisha. Nilisikia maziwa yakichemka jikoni, na hakuna aliyeinuka kuyatoa.

Tabutany akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe uliye humo ndani, ni nani?"

Chelangat akapangusa pua. "Hakuna mtu mwingine humu, Kogo," akasema. "Niko peke yangu. Na hata mimi nimebaki kidogo."

Wanawake waliondoka bila kunywa chai. Tabutany alitembea kinyumenyume mpaka getini.

Ungefikiri hapo nilimpeleka hospitali. Sikumpeleka. Niliona aibu watu wajue kwamba katika nyumba yangu ya mawe kuna mtoto anayekufa njaa. Mvua za Aprili zikaanza. Asubuhi moja niliamka kukamua nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya michai, ukinyoosha mkono huoni vidole. Nikaita, sauti ikarudi karibu sana, kama mtu anaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Ndipo nikasikia mnyororo. Kii, kii. Ulitoka upande wa kituo cha majani, saa ambayo hakuna majani yanayopimwa.

Niliona miguu kwanza. Haikugusa chini.

Nilifikiri amejinyonga. Nilianguka kwenye matope, nikainuka, nikafika nikamkumbatia kiunoni nimwinue. Alikuwa hai. Alikuwa ameshika ndoano ya mizani kwa mikono yote miwili, macho kwenye mshale.

"Kogo, usiniguse," akanong'ona. "Utaongeza."

Nilimwinua. Mshale ukaruka ukarudi kwenye sifuri, na mimi sikuwa nimetumia nguvu. Nimebeba magunia ya majani tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Mikono yangu ilijua ni uzito gani huo. Kisha akalegea.

Moraa ndiye aliyetukuta. Ni mama wa Kisii anayenichumia majani, anaishi kwenye nyumba ya wafanyakazi. Alichuchumaa, akambeba mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, tukashuka barabarani kutafuta gari.

Kwenye benchi ya hospitali nilikaa tangu asubuhi mpaka jua likazunguka upande wa pili wa jengo. Mkabala nasi alikuwa mama mwingine na msichana, wamevaa vizuri, watu wa mjini. Yule msichana alikuwa na sweta mbili. Yeye na Chelangat wakatazamana muda mrefu bila kupepesa, kama watu wanaojuana kutoka mahali ambapo sisi wengine hatujafika. Mama yule akaniuliza, "Wako pia anasema ameshiba?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasogea akaketi karibu nami. Mpaka leo simjui jina.

Moyo wa Chelangat ulikuwa unapiga polepole kama wa mzee. Wakamlaza. Siku ya tatu nikaleta nyama ya mbuzi na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, nimeficha chini ya kikoi. Nesi akanikamata mlangoni mwa wodi.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni dawa. Nyinyi mnampa uji wa mtoto wa miezi sita."

"Mwili wake umesahau kula. Ukiujaza ghafla moyo unaweza kusimama. Unataka?"

Nilikwenda nikaketi kwenye korido nikala ile nyama mwenyewe, maana kuitupa nisingeweza. Haikuwa na ladha.

Rosa alipiga simu kutoka Uarabuni. "Mama, nilikuachia mtoto wangu. Umemfanya nini?"

"Njoo umchukue basi," nikamjibu, nikakata. Hatukuongea wiki tatu. Sijivunii.

Kulikuwa na daktari mmoja mwanamke ambaye kazi yake ni kuzungumza tu. Mwanzoni nilimdharau. Hospitali nzima, na mtu analipwa kupiga gumzo. Wiki ya pili akaniita nikae ndani pamoja na Chelangat, akamwambia mtoto aseme ilianza lini.

"Ilianza kwa mizani," Chelangat akasema, anatazama magoti. Akanipa simu. Nikajiona mwenyewe kwenye video, nacheka mdomo wazi, na yeye ananing'inia. Sauti ya karani, sauti ya yule mzee wa kilo za maji. Shule nzima ilikuwa imeiona kabla hajafungua muhula wa pili. Walimwita Gunia. Akifungua simu anakuta wasichana wenye viuno vya nyigu, akiifunga anasikia Gunia. Alipoanza kupungua, jina likaisha, na sifa zikaanza. "Niliogopa nikila litarudi," akasema.

"Lakini mimi nilikuwa nakusifu," nikasema. "Watu wote walijua nakusifu."

"Kogo, ulinisifu kama ng'ombe wa maonyesho."

Nilitaka kujibu. Nina jibu kwa kila mtu, hata karani wa kiwanda ananiogopa. Nikamwambia, "Nisamehe." Neno hilo sikuwahi kumwambia mtoto. Sikumwambia hata mama yake.

Alipotoka hospitali Mei ilikuwa inaisha. Siku ya kwanza ya kuuza majani nilikwenda kituoni nikasimama mbele ya magunia nikasema nilichokifanya, na matokeo yake. Nikawaambia aliye na ile video aifute mbele yangu. Wengine waliifuta. Wengine walitazama chini, na najua bado iko kwenye simu za watu nisiowajua, na kwamba kitu kama hicho hakizikiki. Yule mzee alisema, "Tulikuwa tunacheka tu." Nikamwambia, "Ndiyo. Na mimi nilicheka zaidi."

Nyumbani niliweka sheria. Anayeingia getini asiseme mwili wa mtu, iwe sifa au matusi. Amenona, amekonda, amependeza, yote hapana. Utashangaa, ukiondoa hayo, wageni wengi hawana salamu nyingine. Mke wa mchungaji alikuja akafungua mdomo, "Eh, Chelangat, sasa ume..." nikamwekea kikombe cha chai mkononi kabla hajamaliza. Akakaa robo saa akizungumza habari ya mvua.

Kila Ijumaa ya pili tulikwenda kliniki. Nesi yuleyule alimpima akiwa amegeuzwa mgongo kwenye mizani asione namba, na mimi pia nikageuka, nikatazama ukuta. Ulikuwa na ufa unaofanana na mto. Juni na Julai, baridi ikiwa imetushika, alikula kidogokidogo mara sita kwa siku, na kila mara ilikuwa vita. Daktari alisema asile peke yake, lakini mimi macho yangu yalikuwa makali mno, yakamfukuza kwenye sahani. Moraa ndiye aliyeweza. Anaketi mkabala naye anamenya njegere, anasimulia jinsi jogoo wake alivyopigana na paka, anakula na yeye, hamtazami. Rosa naye alirudi kwenye simu. Tulilia, tukatukanana kidogo, tukamaliza. Akawa anapiga saa yake ya mapumziko, anaiegemeza simu kwenye bakuli lake la wali, wanakula pamoja, mmoja huku na mmoja kule.

Agosti mvua ya mawe ikapiga, majani yote yakachanika, shamba likageuka jeusi. Siku hizo akaacha kula tena, siku nne. Nikaona uso ule unarudi, polepole, kutoka ndani, kama mtu anayekaribia kioo cha dirisha. Sikupiga kelele na sikuita mtu wa ugoro. Tulimrudisha hospitali asubuhi hiyohiyo. Hilo ndilo ninalokuomba wewe unayesoma: ukiona, nenda asubuhi hiyohiyo. Usingoje kujua ni nani anayetazama kutoka humo ndani.

Bado hajapona kabisa. Daktari anasema ni safari ya miaka. Zipo siku anasimama jikoni na mkono wake umeganda hewani juu ya sahani, na mimi napita nikiomba kimoyomoyo.

Lakini wiki iliyopita nilipika mboga za managu kwa maziwa, vile ninavyopika tangu zamani, na tukaketi watatu, mimi, yeye na Moraa. Alikula tonge moja. La pili. Akakunja uso.

"Kogo, chumvi imezidi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nimepikia harusi, nimepikia matanga. "Tangu lini unajua chumvi?" nikamuuliza.

"Imezidi," akasema, akainuka na sahani.

Moraa aliacha kula. Mimi nikatazama mlango wa nje, nikingoja aupite kuelekea kwenye michai. Hakwenda huko. Alikwenda kwenye sinia, akajikatia kipande kingine cha ugali, kikubwa, cha kupunguza hiyo chumvi, akarudi akaketi akaendelea kula.

Siku iliyofuata nilitia chumvi nyingi vilevile, kwa makusudi.